Shoga, basha, kuchu: majina yaliyosafiri pwani hadi Garsen

Pale stendi ya Garsen, pwani ya Kenya, mabasi ya Lamu yanaposimama, neno moja husikika kwa maana mbili. Muuza maembe anamwona mwenziwe wa buibui akishuka, anaita, "Shoga! Za siku nyingi?" Wanashikana mikono, wanacheka. Hatua chache kutoka hapo, makanga anamrushia neno hilo hilo kijana anayetembea kwa madaha. Kijana anainamisha kichwa na kupita.

Garsen ni mji wa makutano. Mpokomo, Muorma, Mwardei na Mbajuni, kila mmoja ana lugha au lahaja yake nyumbani, lakini sokoni wote huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachobeba salamu, na ndicho kinachobeba matusi. Mikutanoni tunaambiwa kwamba mapenzi ya jinsia moja yaliletwa juzi na televisheni za wazungu. Maneno yenyewe yanakataa. Yamekaa pwani hii tangu kabla ya redio.

Mwaka 1899 Oskar Baumann, Mwaustria aliyekuwa konseli Unguja, alichapisha kwa Kijerumani makala kuhusu wapenzi wa jinsia moja kisiwani. Miongoni mwa majina aliyoyaandika ni "mke-si-mume". Jina hilo ni la Kiswahili kitupu. Aliyelitunga hakuwa mgeni, alikuwa jirani anayemwona mwenzake kila siku na kutafuta namna ya kumwita.

Mengine yalikuja na majahazi. Hanithi ni Kiarabu, na ndugu yake yuko Oman hadi leo. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika juu ya hao wanaoitwa khanith katika mji wa Sohar, wanaume waliokuwa na nafasi yao inayojulikana kati ya wanaume na wanawake. Msagaji, mwanamke anayempenda mwanamke, naye ametokana na kusaga, na Kiarabu nacho humtaja mwanamke wa namna hiyo kwa kitenzi chenye maana hiyo hiyo.

Lakini lililonishughulisha zaidi ni basha. Ni pasha wa Waturuki, mtawala mwenye cheo, na wacheza karata wa pwani wanamjua basha kuwa ndiye mfalme. Ndilo jina alilopewa mwanamume mwenye kumweka shoga. Gill Shepherd, aliyefanya utafiti Mombasa na kuuchapisha mwaka 1987, alieleza kwamba mambo haya yalifungamana sana na cheo na mali: mwenye nacho anamtunza asiye nacho. Tazama basi maneno hayo mawili yanavyokaa. Basha yuko juu, shoga yuko chini. Yanaeleza nani analisha na nani analishwa, nani anaamuru na nani anatii. Kama wawili hao walipendana, maneno hayo hayasemi. Na aibu yote, tangu zamani, imemwangukia aliye chini. Makanga wa Garsen hamtukani mtu kwa kumwita basha.

Wakoloni nao waliongeza yao. Sheria ya Adhabu ya mwaka 1930 ilitumia lugha ya "kinyume cha maumbile", na kifungu cha 162 bado kinataja kifungo cha miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Lugha hiyo ya lawama imefika magazetini, na hapo ndipo panaponiuma kama mwandishi. Magazeti yetu humwita "mlawiti" mtu aliyemnajisi mtoto, kisha neno hilo hilo humwangukia mtu mzima anayeishi na mtu mzima mwenzake kwa hiari yao. Tumechanganya mhalifu na jirani, na jirani amepigwa. Mwezi Februari 2010, huko Mtwapa, umati ulivamia kituo cha afya kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili.

Kizazi kipya kimejitafutia majina yake. Mwaka 1998 Deborah Amory aliandika juu ya "mashoga, mabasha na magai". Hilo la mwisho ni Kiingereza kilichovalishwa kiambishi chetu. Kutoka Uganda likaja kuchu, na wengi Kenya wamelipokea. Kuchu halina juu wala chini. Halimuulizi mtu yeye ni yupi kati ya wawili, tajiri au maskini, mwanamume au mwanamke. Wamelichagua wenyewe, na nadhani ndiyo sababu limedumu.

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwanyima wapenzi wa jinsia moja haki ya kusajili shirika lao ni ubaguzi. Baada ya uamuzi huo matusi yalizidi, vyombo vya habari vikayarudia bila kupima.

Ninawaomba waandishi wenzangu, watangazaji wa redio za kaunti, na wazee wanaozungumza katika mabaraza ya Garsen, Hola na Kipini: ubakaji tuuite ubakaji, na tusimpachike jina hilo asiyebaka. Tukiandika juu ya wapenzi wa jinsia moja, tuwaulize wanaitwaje, kisha tuwaite hivyo. Shoga tuwaachie wanawake wa sokoni, wao wanajua kulitumia kwa upendo.