Jicho Linalotiririka: Suala la Bibi wa Shinyanga

Bibi mmoja wa pembezoni mwa mji wa Shinyanga alitujia baada ya darsa, ushungi ameuvuta mpaka kwenye nyusi. Suala lake lilikuwa la fiqhi: "Shehe, jicho langu linatiririka mchana na usiku. Udhu wangu unasimama?" Tukamjibu kuwa unasimama. Katika madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.), kinachotoka pasipokuwa tupu mbili hakivunji udhu, na chozi ni twahara. Likigeuka usaha ndipo huwa najisi, na mwenye maradhi ya kudumu ana wepesi wake. Kwa Mahanafi, maji yatokayo kwa ugonjwa wa jicho huvunja udhu, na asiyekatikiwa hutawadha kila unapoingia wakati wa Sala.

Kumbe udhu haukuwa ndio khofu yake kubwa. Alikuwa akijificha majirani.

Wenyeji wa Shinyanga na Geita wameshamwelewa. Usukumani, kikongwe mwenye macho mekundu amedhaniwa mchawi kwa miaka mingi, na wengi wameuawa kwa mapanga. Mwaka 1976 serikali iliendesha msako mikoa ya Mwanza na Shinyanga kuwatafuta wauaji. Baadhi ya waliokamatwa wakateswa hata wakafa mahabusu, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi (Allah amrehemu, alifariki 2024), akajiuzulu kwa kubeba dhamana ya yaliyotendwa chini yake. Mauaji hayakukoma kwa hilo.

Wekundu wenyewe unatoka wapi? Miti ilipoadimika, akina mama walipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua, moshi ukijaa chumbani. Kuna ugonjwa wa vikope pia. Na kuna kifereji cha machozi. Allah amejaalia vitundu viwili vidogo kwenye pembe ya jicho iliyo upande wa pua, ambamo chozi hupita kwenda kwenye kifuko, kisha kushuka puani. Ndiyo maana mwenye kulia hupenga kamasi. Njia hiyo ikiziba, chozi hukosa pa kwenda ila shavuni, na kifuko huweza kuvimba kikatunga usaha. Kwa watu wazima, wanaopatwa zaidi ni wanawake waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa. Yaani ni hao hao bibi zetu!

Wanavyuoni wa tiba walilisoma jicho hili kwa namna nyingine. Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa Baghdad aliyefariki mwaka 873, aliandika kwa Kiarabu makala kumi juu ya jicho. Ali bin Isa, naye wa Baghdad, akatunga Tadhkirat al-Kahhalin, kitabu walichokitegemea matabibu wa macho kwa karne nyingi. Kidonda cha pembe ya jicho kinachotoa usaha wamekiita gharab. Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, alikitibu kwa kukichoma kwa chuma cha moto, na kikishindikana, kwa kutoboa mfupa mpaka puani. Mwaka 1904 Addeo Toti wa Italia alieleza upasuaji wa kukifungulia kifuko njia mpya kupitia mfupa wa pua. Upasuaji wa leo umetokana na huo, na mgonjwa hutiwa ganzi au kulazwa usingizi, jambo ambalo wagonjwa wa Az-Zahrawi hawakulipata kwa namna hii.

Kwa mtoto mchanga sababu huwa nyepesi: utando mwembamba mwishoni mwa kifereji haujafunguka. Takriban watoto tisa kwa kumi hupona kabla ya kutimiza mwaka. Mama anawe mikono, aweke kidole kwenye pembe ya jicho kando ya pua, akandamize taratibu kuelekea chini, mara kadhaa kwa siku, na tongotongo azifute kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Mwaka ukipita bila nafuu, daktari huzibua kwa kijiti chembamba cha chuma. Lakini usaha mwingi na kope kuvimba katika mwezi wa kwanza, au uvimbe mwekundu kando ya pua, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Maji ya majani machoni hatuyaruhusu. Yamepofusha watoto. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (s.a.w.) amemfanya mwenye kutibu bila ya kujulikana kwa utabibu kuwa mdhamini wa madhara yake, na diya ya jicho moja ni nusu ya diya ya mtu, yaani ngamia 50.