Léonce Ngabo, mtu aliyeipa Burundi filamu yake ya kwanza ndefu

Wengi wetu tumeishi Bujumbura miaka mingi bila kusikia jina la Léonce Ngabo. Leo tumuongelee kidogo.

Ngabo alianza kujulikana kama mwimbaji. Wimbo wake Sagamba Burundi wazee wa hapa wanaujua vizuri. Baadaye akaingia kwenye sinema, na mwaka 1992 akatoa Gito l'Ingrat, maana yake Gito asiye na shukrani. Ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Burundi.

Hadithi yenyewe ni hii. Gito ni kijana Mrundi aliyesoma Paris. Anarudi nyumbani na diploma yake, kichwani tayari ni waziri. Anafika, kazi hakuna. Huko Ufaransa ameacha mchumba, Christine. Hapa anarudiana na Flora, mpenzi wake wa zamani. Siku Christine anapokuja Burundi, mambo yanaharibika: wale wanawake wawili, badala ya kupigana, wanaungana kumfundisha adabu. Watu wanacheka, lakini kicheko chenyewe kinauma.

Kuna jambo wengi hawajui. Aliyecheza Gito ni Joseph Kumbela, Mkongomani. Flora aliigizwa na Aoua Sangaré kutoka Mali, Christine na Mfaransa Marie Bunel. Kwa hiyo filamu ya kwanza ya Burundi ilibebwa pia na wageni. Ukiambiwa tena kwamba mgeni hana cha kuchangia hapa, kumbuka hilo.

Mwaka 1993 filamu ilipata tuzo ya Oumarou Ganda, inayopewa kazi ya kwanza ya mwongozaji, kwenye tamasha la FESPACO kule Ouagadougou. Lakini tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye akauawa, na vita vikaanza vilivyodumu zaidi ya miaka kumi. Nani angefikiria sinema wakati watu wanakimbia? Sinema ya Burundi ilikuwa imeanza tu kutembea, ikakatwa miguu.

Hata hivyo Ngabo hakuachia hapo. Mwaka 2009 alianzisha FESTICAB, tamasha la kimataifa la filamu hapahapa Burundi, ili vijana nao waonyeshe kazi zao.

Kwa nini nimeandika haya? Juu mimi pia nilikuwa Gito. Niliambiwa nijifunze ushonaji, nikakataa, eti nangoja safari ya kwenda ng'ambo, nitashonaje nguo za watu? Nimengoja miaka minne. Safari haijafika, na wenzangu waliokubali wana cherehani zao. Gito alidhani ng'ambo imeshamfanya mtu mkubwa. Mimi nilidhani ng'ambo itanifanya. Kosa ni lilelile.

Na ninyi wafanyakazi wa misaada mnaotusoma, ombi moja tu. Kamera zenu hutupiga picha tukiwa kwenye foleni ya kupokea vitu. Siku moja tuachieni hiyo kamera, tuwaonyeshe na mengine: tunavyocheka, tunavyogombana, tunavyopendana. Ngabo alifanya hivyo kwa Warundi, na dunia ikawaona kama watu.

Wewe je, kama ungepewa kamera kesho, ungeanza na hadithi gani? Andika hapa chini, tusome wote.