Alama za Shuleni na Mlango wa Chuo Kikuu

Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ulio kando ya Ziwa Viktoria, ikatoa azimio ambalo wengi hulikumbuka kwa habari ya elimu ya msingi kwa wote. Sisi walimu wa sekondari tuna sababu nyingine ya kulikumbuka. Azimio hilo lilishutumu mtindo wa kumpima kijana kwa mtihani wa mwisho peke yake, likataka kazi zake za kila siku na mwenendo wake navyo vihesabiwe.

Kuanzia 1976 alama za maendeleo ya shuleni zilipewa nusu ya uzito wa matokeo, nusu ya pili ikabaki kwa mtihani wa Taifa. Tena, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Alikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi kwa muda wa miaka ipatayo miwili, ndipo mwajiri na tawi la chama wampendekeze.

Hapo pana hoja mbili, na zote zina uzito. Ni haki homa ya asubuhi moja isifute jitihada za miaka minne. Lakini je, alama 70 za shule moja ni sawa na 70 za shule nyingine? Mwalimu huyu ni mkarimu, mwenzake ni bahili. Na tabia njema hupimwa kwa kipimo gani? (Mwenye kuhoji sana darasani huyu humwita mdadisi, yule humwita mjeuri.)

Sharti la kazi halikudumu. Idadi ya wanawake Chuo Kikuu ilishuka, wakasamehewa wao kwanza. Katikati ya miaka ya 1980 njia ya moja kwa moja ikafunguliwa tena. Alama za maendeleo zilibaki.

Mimi hufundisha ng'ambo ya mpaka, lakini kalamu ni ile ile. Mwaka mmoja nilimwandikia msichana sifuri mbili za insha ambazo hakuzileta. Baadaye sana nikaarifiwa kwamba majuma yale alikuwa akimwuguza mama yake. Fomu ilikwisha pelekwa, wala haikuwa na nafasi ya kuandika neno hilo.