Ufuatiliaji wa Meli na Ugavi wa Shehena Katavi

Ufuatiliaji wa meli ni ilimu ya kujua kila saa chombo kilipo, kasi yake na upande kinakoelekea, kisha kuiambatanisha habari hiyo na hati za shehena, forodha, reli na malori. Mhimili wake ni AIS, mfumo wa redio uliobuniwa kwanza ili meli zisigongane, nao tangu mwisho wa mwaka 2004 umekuwa faradhi kwa meli za abiria na kwa zile za tani 300 na zaidi zifanyazo safari za kimataifa. Kila chombo chenye AIS kina nambari ya tarakimu 9, za Tanzania zikianza kwa 674 au 677. Kikiwa mwendoni hujitangaza kila sekunde 2 hadi 10, na habari zake hunaswa na minara ya pwani au, mbali baharini, na satelaiti. Bandari iendewayo na saa ya kuwasili, hata hivyo, huandikwa na mabaharia kwa mkono, na makosa humo si haba.

Tajiri wa Mpanda, mkoani Katavi, ambaye bidhaa zake hushushwa Dar es Salaam, zikapita Tabora hadi Kaliua na kuingia tawi la reli la kilomita 210 lililojengwa zamani kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, akiijua mapema siku ya meli kufunga gati huwahi kuagiza behewa, akaepukana na gharama za ghala. Na hilo si jambo dogo, maana treni ya Mpanda haiji kila siku.

Upande wa Ziwa Tanganyika hali ni nyingine. Bandari ya kisasa ya Karema, iliyoanza kujengwa mwaka 2019, inaikabili Kongo ng'ambo ya ziwa, lakini sehemu kubwa ya biashara ya ziwani huchukuliwa na maboti ya mbao ambayo kwa udogo wake hayabanwi na sharti la AIS, hata mwenye shehena ya mchele hana budi kumpigia nahodha simu, nayo katikati ya ziwa haipatikani. Kwa hiyo kuyapatia maboti hayo vifaa vidogo vya kujitambulisha kuna manufaa makubwa kuliko kuongeza mitambo Dar es Salaam: dhoruba ikizuka waokoaji watajua pa kuelekea, na lori litaondoka Mpanda, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, pale tu chombo kinapoikaribia Karema.