Watani wa Kariakoo Walivyoibeba Stars

Kariakoo ni utani mtupu: huku Msimbazi kwa Simba, kule Jangwani kwa Yanga. Ila Agosti 2025, CHAN ilipotua kwa Mkapa, watani walivaa jezi moja. Stars wakaanza na Burkina Faso, 2-0. Mauritania wakakaza, mpaka beki wa Simba alipowatungua dakika ya 89. Wakaja Madagascar, straika wa Yanga akatupia mbili, ikaisha 2-1. Mechi tatu, pointi 9, robo fainali mkononi! CHAN za 2009 na 2020 Stars waliishia makundi tu. Kweli, Morocco waliwatoa 1-0 baadaye. Lakini wadau, Stars ikiwa uwanjani, kwa nini mtu amzomee mchezaji kisa klabu yake?