Wimbi linalopenya ukuta: historia fupi ya mawimbi ya spini

Kila programu tunayoandika huishia kuwa elektroni zinazosukumwa ndani ya chipu. Zikisukumwa, chipu hupata joto, na ndiyo maana kompyuta yako ina feni. Je, habari inaweza kusafiri bila elektroni kuhama?

Jibu lina mizizi mwaka 1930, kabla chipu hazijazaliwa. Mwanafizikia Mswisi, Felix Bloch, alikuwa akijiuliza jambo jingine kabisa: mbona sumaku hupungua nguvu ikipashwa joto?

Ndani ya chuma, kila atomu ni sumaku ndogo kwa sababu ya spini za elektroni zake. Atomu jirani hupenda kuelekea upande mmoja. Moja ikiyumba, jirani naye huyumba, na mwendo unaendelea. Fikiria shamba la mpunga upepo ukipita: mashina hayakuhama, lakini wimbi limefika ng'ambo. Bloch alionyesha kwamba joto huzidisha mawimbi haya, nayo ndiyo yanayoila nguvu ya sumaku.

Hiyo ilikuwa nadharia. Mwaka 1957 Bertram Brockhouse, kule Chalk River nchini Kanada, aliyapima kwa kurusha nyutroni kwenye madini ya magnetaiti. Mwaka mmoja kabla yake, Bertaut na Forrat wa Grenoble, Ufaransa, walikuwa wameeleza fuwele iitwayo YIG, yenye itriamu, chuma na oksijeni. Haipitishi umeme, na mawimbi ya spini husafiri mbali ndani yake kabla ya kufifia. Hadi leo watafiti wengi huitegemea.

Sasa tufike kwenye ukuta. Mwaka 2004 Sergej Demokritov na wenzake walichapisha jaribio la utando mwembamba wa sumaku. Uga wa sumaku ulibadilishwa katika sehemu moja tu. Ukibadilishwa upande mmoja, wimbi lilipita. Ukibadilishwa upande wa pili, lilirudishwa. Lakini sehemu hiyo ya kurudisha ilipokuwa nyembamba vya kutosha, wimbi lilitokea ng'ambo, ingawa katikati halikuruhusiwa kusafiri!

Hapa kuna utamu wake. Elektroni nayo hupenya vizuizi, kwa sheria za kwantamu. Wimbi la spini lina njia ya ziada: kila sumaku ndogo hutupa uga wake mbali, hivyo upande huu huusukuma upande ule bila kugusana. Mwaka 2010 kundi la Kaiserslautern, Ujerumani, lilionyesha hata zaidi: wimbi liliruka pengo la hewa kati ya vipande viwili vya utando.

Mwaka 2014 watafiti wa mji huohuo walitengeneza transista ambamo mawimbi ya spini huzuia mawimbi mengine. Je, feni zitanyamaza? Bado. Kugeuza umeme kuwa wimbi, kisha wimbi kuwa umeme tena, kunakula nishati, na gharama hiyo inaweza kumeza faida yote. Hapo ndipo kazi ilipo. Swali la Bloch lilihusu sumaku inayochoka kwa joto. Leo tunayaomba mawimbi yaleyale yatupunguzie joto la kompyuta.

Haya, karibuni tujadiliane.