Wiski ya miaka 12, mnazi wa saa 12

Swali ninaloulizwa sana kwenye hii page si la siasa wala la mpira. Ni hili: kati ya Jameson, Jack Daniel's na Black Label, ipi ndiyo wiski ya ukweli? Na anayeuliza mara nyingi ni barobaro wa hapa hapa Majengo, chupa moja wameichangia watu sita, na anataka jibu kabla hawajaanza kugombana. Kama mimi nakunywa au sinywi hayo tuyaache, mamangu anasoma hizi posti. Lakini kusoma historia si haramu, kwa hivyo leo twende na historia.

Tuanze na namba. Black Label imeandikwa 12. Maana yake, kila wiski iliyochanganywa mle ndani, hata ile changa kabisa, ilikaa kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 12. Jameson ya kawaida na Jack Daniel's hazina namba, na hilo si kosa. Sheria ya Ireland, kama ya Scotland, inataka angalau miaka 3 kwenye pipa. Jack inawekwa kwenye mapipa mapya yaliyochomwa ndani, ndo maana ina ule utamu wa sukari iliyoungua. Mapipa ya Marekani yakishatumika, mengi huuzwa Scotland na Ireland, yanaanza kazi upya. Na ukimsikia mtu akijisifu ana chupa kabatini tangu harusi ya babake, mwambie kwa upole: wiski ikishatoka kwenye pipa haizeeki tena. Kilichozeeka ni kabati.

Sasa sikiliza kitu ambacho hakiko kwenye lebo. Hiyo wiski ya heshima ilikuwa chang'aa.

Sitanii. Scotland ya miaka 200 iliyopita, watu wa milimani walikuwa wakipika pombe yao kichinichini, maafisa wa ushuru wakiwasaka, mitambo ikifichwa mabondeni. Mengi yalinyweka yakiwa machanga, meupe kama maji. Nani ataweka mzigo wa magendo kwenye pipa miaka 12 na askari anaweza kuja kesho? Kilichobadilisha mambo ni sheria. Mwaka 1823 serikali ya Uingereza ilishusha ushuru na kuweka leseni ambayo mtu wa kawaida angeweza kuilipa. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akachukua leseni, na majirani zake waliokuwa bado kwenye magendo wakamtishia maisha hadi akawa anatembea na bastola mbili. Baada ya hapo mtu angeweza kujenga ghala, kupanga mapipa na kusubiri bila kuogopa mlango kuvunjwa. Hiyo miaka 3 ya lazima nayo ilikuja na vita. Mwaka 1915 Lloyd George alitaka kupunguza ulevi viwandani, ikapitishwa sheria ya kuzuia pombe changa isiuzwe, kwanza miaka 2, kisha 3.

Kwa hivyo kuzeeka kwa wiski si hekima ya mababu peke yake. Ni muda, na muda huo walipewa na sheria.

Sisi je?

Kwenye pwani hii, pombe ya mgeni imekuja na mambo yake tangu zamani. Kile kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi, Periplus, kinataja mvinyo kidogo na ngano vikiletwa upande wetu, si kwa biashara bali kupata urafiki wa wenyeji. Yani karibu miaka 2,000 iliyopita tayari kuna mtu anatununulia raundi ili tumpende.

Halafu ikaja enzi ya sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulichora ukanda mkubwa wa Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, na kuweka masharti juu ya pombe kali kuingia. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukaenda mbele: ukapiga marufuku pombe kali za bei rahisi za biashara, na pia kutengeneza pombe kali yoyote ndani ya eneo hilo. Kenya imo humo. Angalia tarehe: 1915 Uingereza inalazimisha pombe ya kwao ikae kwenye pipa, 1919 mataifa hayo hayo yanatwambia ya kwetu isipikwe kabisa. Na wazungu waliokuwa huku koloni waliendelea na wiski yao jioni barazani. Mwafrika alisubiri hadi mwisho mwisho wa ukoloni ndipo akaruhusiwa glasi ile ile.

Sitasema sheria zote zilikuwa roho mbaya. Pombe ya bei rahisi ya Ulaya iliharibu watu wengi Afrika, na wapo Waafrika waliotaka ikomeshwe. Hapa Majengo penyewe wengi wetu ni Waislamu, hatukuhitaji mkataba wa Brussels kujua msimamo wa dini. Lakini dini ilimkataza kila mtu kinywaji. Koloni ilikataza kwa rangi.

Baada ya uhuru, njia ziligawanyika. Uganda, miaka ya 1960, ilitunga sheria ya enguli: mpikaji awe na leseni, na alichopika akiuze kwa kiwanda kikasafishwe. Hapo ndipo Uganda Waragi ilipopata chupa na lebo. Kenya ikafanya kinyume. Mwaka 1980 ikatunga sheria maalumu ya kupiga marufuku chang'aa. Matokeo tunayajua. Kitu kinapikwa usiku, kinauzwa kabla ya mapambazuko, na mwenye tamaa anaongeza kemikali kiwashe haraka. Novemba 2000 pombe yenye sumu iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, na wengine wakapofuka. Sheria ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ikaondoa marufuku na kusema chang'aa ruksa, mradi ipikwe kwa leseni na ifungwe kwenye chupa kwa kiwango. Sawa, lakini mama anayepika kwa sufuria na bomba atatoa wapi mashine ya kufungia chupa? Scotland ya 1823 leseni ilimfuata mpikaji. Hapa mpikaji anaambiwa aifuate leseni, na miguu hana.

Mtu ataniambia, sawa, lakini sisi hatuna utamaduni wa kuonja, tunajua kulewa tu. Hapo nakataa. Methali gani kila mtoto wa pwani anaijua? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wasioonja wangejuaje limetiwa maji? Huyo mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, anakata kidogo kwa kotama, anashusha kibuyu. Wateja wa mangweni, wengi wao ndugu zetu Wamijikenda, wanajua lililoshushwa alfajiri ni tamu, la jioni limeanza kuwa kali, na likilala sana linaelekea kwenye siki. Kwao tembo ni kinywaji cha mahari, cha matanga na cha kupatanisha wazee. Hizo ni daraja za ladha kama za mtu yeyote na glasi yake, ila saa ya mnazi inakimbia upande wa pili. Wiski inasifiwa kwa miaka 12. Mnazi unasifiwa wa saa 12 asubuhi.

Kwa hivyo jibu langu kwa wale mabarobaro sita ni hili. Ukitaka ulaini, namba inasaidia. Ukitaka utamu, Jack. Lakini usiniambie moja ni ya watu wa maana na nyingine ni ya watu wa chini, maana hiyo ngazi haikujengwa na ulimi wako. Ilijengwa kwa leseni upande mmja na rungu upande wa pili. Na kama wewe hunywi kabisa, bado hili linakuhusu, kwa sababu anayekufa kwa pombe ya sumu ni jirani yako, na anayefukuzwa na askari kwa kibuyu cha mnazi ana watoto wanaosoma shule moja na wako.

Komenti ziko wazi. Matusi pelekeni kwa Lloyd George.